Uwanda wa Tibet: urefu ulioshikiliwa kutoka chini

Dhana: Tibet iliinuliwa na volkano.
Volkano zipo, ila si zilizoinua uwanda wa kilomita za mraba milioni 2.5 hivi. Bamba la India, yaani kipande kikubwa cha tabaka gumu la juu la dunia kinachosogea, lilifika Asia miaka kama milioni 50 iliyopita, na bahari ya Tethys iliyokuwa katikati ikafungwa. Ndiyo maana kilele cha Everest ni mwamba wa chokaa uliofanyika baharini.

Dhana: India iligonga, ardhi ikarushwa juu.
Hapa ndipo wengi hukosea. Ukigandamiza ganda la dunia kutoka pembeni hujikunja, hukatika na vipande vyake hupandana, likazidi unene. Ganda la bara kwa kawaida lina unene wa kilomita 35 hivi. Chini ya Tibet hufika 70. Weka majini ubao mwembamba na gogo nene la mti uleule: gogo litazama zaidi, na pia litachomoza zaidi. Mfano huo aliutoa Mwingereza George Airy mwaka 1855, baada ya wapima ardhi wa India kukuta timazi (uzi wenye uzito wa kupimia wima) imevutwa na Himalaya, milima ya ukingo wa kusini wa Tibet, kwa sekunde 5 hivi za pembe (sekunde moja ni 1/3600 ya digrii), ilhali hesabu ya uzito wa milima ilidai karibu 16. Mvuto ulipungua kwa sababu chini ya milima ile kuna mzizi wa mwamba mwepesi.

Piga hesabu. Mwamba wa ganda una gramu kama 2.8 kwa sentimita ya ujazo. Wa koti, tabaka lililo chini yake, 3.3. Gawanya: asilimia 85 ya unene ulioongezeka huzama, 15 huchomoza. Kilomita 35 za ziada hutoa takriban kilomita 5 za kimo, na huo ndio urefu wa Tibet.

Dhana: basi itapanda bila kikomo.
India bado inasukuma, sentimita 4 hivi kwa mwaka. Lakini ganda nene hupata joto, sehemu yake ya chini hulainika, na uwanda hutanuka mashariki na magharibi kwa uzito wake wenyewe. Mabonde ya ufa yanayoukata kaskazini–kusini ni ushahidi.

Dhana: kila uwanda wa juu ni mtoto wa mabara mawili.
Altiplano ya Bolivia, yenye mita 3,800 hivi, ina ganda nene vilevile, ila aliyeisukuma ni bamba la bahari la Nazca linalozama chini ya Amerika Kusini. Na nyanda zetu za Kenya na Ethiopia zimeinuliwa na joto la koti. Mabara yaliwahi kugongana Afrika Mashariki, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Milima ya wakati ule imekwishalika, imebaki miamba ya mizizi yake.