Ukuta wa Ngome Si Mahali pa Mikuki Mirefu

Wachezaji wengi wa michezo ya mikakati ya zama za kati, kama vile Medieval II: Total War ya mwaka 2006, huamini kwamba kikosi cha mikuki kinachotamba uwandani kitatamba vilevile juu ya ukuta wa ngome. Si kweli. Nguvu ya mikuki hutokana na safu zilizoshikana na ziada ya nguvu ambayo mchezo huipa dhidi ya wapanda farasi, na farasi, tujuavyo, hapandi ngazi. Ukutani njia ni nyembamba, safu huvunjika, na pambano hugeuka kuwa la mtu kwa mtu, ambapo askari wa miguu wenye panga au mashoka na deraya nzito huwalemea wenye mikuki upesi. Hao wenye panga na mashoka ndio wa kuwekwa pale ngazi za adui zinapoegemezwa au mnara wake wa mbao unaposhusha daraja juu ya ukuta, ili adui anayechomoza mmoja mmoja apokewe na wengi kwa pamoja. Wapiga mishale waondolewe hapo kabla daraja halijashuka. Wenye mikuki wajipange nusu duara nyuma ya lango, ambako farasi watapitia likishabomolewa.