Wati 100 hazitakuangazia njia ya Uvinza

"Fundi, nifungie globu za wati 100, usiku huu napita Urambo, Kaliua hadi Uvinza." Jamani. Wati ni umeme unaoliwa na globu. Mwanga unaotoka hupimwa kwa lumeni. Globu ya zenoni (isiyo na uzi) aina ya D2S inakula wati 35 na kutoa lumeni kama 3,200, wakati H7, globu ya halojeni (ya kawaida, yenye uzi), inakula 55 na kutoa 1,500 hivi. Sasa nani ana wati nyingi, na nani anaona njia?

H4 yenyewe, halojeni yenye nyuzi mbili, imeandikwa 60/55W, fulu na dimu. Kwenye fulu ni kama lumeni 1,650, kwenye dimu 1,000, kwa sababu uzi wa dimu umekingwa kwa kikombe cha chuma ili usimpofushe anayekuja.

Ila lumeni hizo zimepimwa kwa volti 13.2, na hapa ndipo watu wanaponichosha. Halojeni ikikosa volti moja tu, karibu robo ya mwanga imekwenda. Kabla ya kununua chochote, washa injini na dimu, pima betri, halafu pima nyuma ya soketi ikiwa imechomekwa. Tofauti ikizidi nusu volti, globu haina kosa. Anza na arthi, yaani waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi: fungua, piga msasa, kaza. Kisha soketi na swichi. Toyota nyingi za zamani hukata dimu na fulu upande wa arthi, kwa hiyo usishangae ukikuta chanya kwenye soketi muda wote.

Ukifunga wati 100 kwenye waya huohuo, ampea zinapanda kutoka 4.6 hadi 8.3. Joto la waya linazidi mara tatu, volti zinazopotea njiani karibu zinaongezeka maradufu, na sehemu ya wati ulizonunua inabaki inapasha waya. Soketi inayeyuka, kiakisi (kile kioo cha ndani kinachorusha mwanga mbele) kinababuka, fyuzi inakatika, halafu mtu anaweka ya ampea 30! Afadhali ubaki na 55 yako, ufunge rilei mbili (swichi za umeme zinazobeba mzigo badala ya swichi ya taa), waya wa milimita za mraba 2.5 kutoka betri, na fyuzi pale pale karibu na betri.

LED za boksi la "200W" ndizo vichekesho. Wati 200 kwa volti 12 ni ampea zaidi ya 16 kwa globu moja. Kama ni kweli, mbona fyuzi yako ya ampea 10 bado nzima? Na ile 6000K (kelvini) ni rangi ya mwanga, haihusiani na ukali.

Kama LED itakaa vizuri kwenye taa ya halojeni, boksi halikuambii, na mimi pia siwezi kukuapia. Zipo zinazokata vizuri mstari wa dimu, ule mpaka wa juu wa mwanga, zipo zinazotawanya hovyo. Egesha mita 5 kutoka ukutani uangalie. Mstari ukivurugika, rudisha dukani.

Eti njano inapenya vumbi? Mafundi wengi wanaapa hivyo. Mimi nina shaka, maana chembe za vumbi ni kubwa na hutawanya rangi zote karibu sawa. Kinachosaidia ni taa iliyofungwa chini na kuelekezwa chini.

Na kioo cha taa cha plastiki kikishakuwa cha njano, hakuna globu itakayokuokoa. Msasa wa maji namba 800, 1500, 2000, polishi, kisha vanishi ya kuzuia jua. Ukiiruka vanishi, njano inarudi upesi.