Majina Yaliyobandikwa Kwenye Santuri: Dhana Potofu Kuhusu Muziki wa Kale wa Ulaya

Fungua mkusanyo wowote wa muziki wa kale wa Ulaya, uwe wa kaseti, wa sidii au wa intaneti, na utakutana na vipande vilevile: Adagio ya Albinoni, Kanoni ya Pachelbel, Misimu Minne ya Vivaldi, Ave Maria tatu au nne, na Beethoven wa mbalamwezi. Kila kimoja kimebeba hadithi yake, na hadithi nyingi kati ya hizo hazina ukweli. Naupenda muziki huu sana, na ndiyo maana inaniuma kuona anayestahili sifa akinyimwa, akapewa mtu aliyekufa miaka 300 iliyopita. Vipande vingi tunavyodhani vimetujia moja kwa moja kutoka enzi za wafalme na mawigi vilipata umaarufu wao, na pengine hata sauti yao, katika karne ya 20, ndani ya studio.

“Adagio ya Albinoni ilitungwa na Albinoni”

Tomaso Albinoni alikuwa Mveneti, alizaliwa 1671 na kufariki 1751. Aliandika opera nyingi na konseto nzuri za oboe. Adagio katika G ndogo (G minor), kipande cha mwendo wa polepole, ile yenye kinanda kinachotembea polepole chini ya fidla zinazolia, haimo katika kazi zake. Ilichapishwa mwaka 1958, na aliyeiandika ni Remo Giazotto, mwanazuoni wa Kiitalia aliyekuwa amekwisha kuandika kitabu juu ya maisha ya Albinoni.

Giazotto alieleza kwamba baada ya Vita Kuu ya Pili alipata kipande cha karatasi kutoka maktaba ya Dresden, mji ulioteketezwa kwa mabomu Februari 1945. Kwa maelezo yake, kipande hicho kilikuwa na sauti ya besi na mistari michache tu ya fidla, naye akajenga yaliyobaki. Maktaba haina kipande hicho katika hazina yake. Toleo la kwanza la nota lilitaja jina la Giazotto wazi kama mwandishi, likisema tu kwamba ametumia mawazo ya Albinoni. Jina la Giazotto lilipotea njiani, kwenye majalada ya santuri, kwa sababu “Albinoni” lilivutia wanunuzi zaidi.

Je, muziki umepungua thamani? Mwaka 1992, Sarajevo ikiwa imezingirwa, mpiga selo (fidla kubwa yenye sauti nzito) Vedran Smailović alikaa kwenye vifusi akaipiga Adagio hii kuwaomboleza watu waliouawa wakiwa kwenye foleni ya mkate. Waliomsikia hawakuhitaji cheti cha karne ya 18. Lakini jina la mtunzi ni haki yake, na Giazotto ananyimwa haki hiyo hadi leo.

“Ave Maria ya Caccini ni wimbo wa miaka 400”

Hii inanishangaza kuliko zote. Giulio Caccini aliishi Firenze na kufariki 1618. Ave Maria inayouzwa kwa jina lake, ambayo maneno yake ni hayo mawili tu yakirudiwarudiwa, ilitungwa karibu mwaka 1970 na Vladimir Vavilov, mpiga gitaa na luti (ala ya kale ya nyuzi inayofanana na gitaa) wa Leningrad. Vavilov aliirekodi kwa kampuni ya serikali ya Kisovieti, Melodiya, katika santuri ya muziki wa luti wa kale, akaandika kwamba mtunzi hajulikani. Vipande vingine katika santuri hiyo alivipa majina ya watunzi wa zamani ilhali vingi alivitunga mwenyewe. Alifariki 1973. Jina la Caccini lilibandikwa baadaye, na miaka ya 1990 waimbaji kama Inessa Galante wakaueneza wimbo huo duniani kote.

Mwanamuziki yeyote aliyeimba kazi halisi za Caccini atahisi tofauti mara moja. Caccini aliandika sauti inayofuata mwendo wa usemi, ikipambwa kwa madoido ya koo. Huu mwingine una mfuatano wa kodi (sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) ambao watu wa mwaka 1600 hawakuutumia kwa namna hiyo. Hata hivyo, majalada yanaendelea kuchapwa vilevile.

Na tukiwa bado kwenye Ave Maria: ile ya Schubert, inayoimbwa katika ndoa nyingi za Kikatoliki, haikuandikwa kwa ajili ya kanisa. Ni wimbo wa mwaka 1825 uliotumia tafsiri ya Kijerumani ya shairi la Walter Scott, ambamo msichana Ellen, akiwa mafichoni, anamwomba Bikira Maria. Maneno ya sala ya Kilatini yalipachikwa juu ya melodia baadaye. Ile ya Gounod nayo ni kazi ya watu wawili waliopishana zaidi ya karne moja: chini kuna preludi ya kwanza ya Bach kutoka mkusanyo wa 1722, juu yake melodia ya Gounod ya miaka ya 1850.

“Kanoni ya Pachelbel na Misimu Minne zimependwa tangu zilipotungwa”

Johann Pachelbel alifariki 1706. Kanoni yake, ambamo fidla huigana melodia moja baada ya nyingine, ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1919, na kwa nusu karne baada ya hapo wachache tu waliijua. Kilichobadilisha mambo ni rekodi ya Mfaransa Jean-François Paillard na okestra yake ndogo, mwaka 1968. Paillard aliupunguza mwendo mno, akaongeza sauti ambazo hazimo kwenye nota, akaunyoosha wimbo hadi ukafika karibu dakika saba. Makundi yanayotumia ala na mwendo wa kale huweza kuumaliza kabla ya dakika tano, na huufuatisha na ngoma ya haraka, jigi, ambayo Pachelbel aliiandika iambatane nao. Wanaharusi wanaoingia ukumbini taratibu kwa Kanoni wanatembea kwa mwendo wa Paillard.

Vivaldi naye alichapisha Misimu Minne Amsterdam mwaka 1725, akafariki Vienna 1741, kisha jina lake likafifia kwa karibu miaka 200. Mwaka 1926 shehena ya miswada yake ilipatikana katika chuo cha Wasalesiani huko Piemonte, Italia, na wafadhili wakainunua kwa ajili ya maktaba ya taifa ya Torino. Misimu Minne yenyewe ilikuwepo muda wote katika nakala zilizochapishwa. Kilichokosekana ni wasikilizaji. Mpiga fidla wa Kimarekani Louis Kaufman aliirekodi mwishoni mwa 1947, kundi la Kiitalia la I Musici likafuata mwaka 1955, na rekodi ya Nigel Kennedy ya 1989 ikauza zaidi ya nakala milioni mbili.

Kwa nini wakati ule? Santuri za zamani zilizozunguka mara 78 kwa dakika zilibeba dakika nne au zaidi kidogo kila upande. Mwaka 1913 kiongozi wa okestra Arthur Nikisch na okestra ya Berliner Philharmoniker walihitaji pande nane kuirekodi Simfonia ya Tano ya Beethoven. Santuri ndefu ilipoingia sokoni mwaka 1948, upande mmoja ukaweza kubeba zaidi ya dakika 20. Kampuni zikatafuta kazi za kuujaza, na muziki wa Baroko, yaani wa kati ya 1600 na 1750 hivi, ulifaa sana: ni mwingi, haukuwa umerekodiwa sana, na wapigaji kumi na wawili wanatosha pale ambapo mtunzi wa baadaye kama Mahler angehitaji mia. Mapenzi ya dunia kwa Baroko yalikuzwa na plastiki ile.

Bach na vitu visivyo vyake

“Air kwenye uzi wa G” imetokana na Bach kweli, katika Mfululizo wa Tatu wa okestra, lakini Bach hakuiandika kwa uzi mmoja. August Wilhelmj, mpiga fidla wa Kijerumani, ndiye aliyeishusha mwaka 1871 ili yote ichezwe kwenye uzi mnene kuliko zote wa fidla. Minueti katika G ambayo kila mtoto anayejifunza piano huanza nayo ni ya Christian Petzold wa Dresden. Ilinakiliwa bila jina la mtunzi kwenye daftari la Anna Magdalena, mke wa Bach, na watu wakadhani kila kilichomo ni cha mumewe. Kuna pia dai kwamba Anna Magdalena ndiye aliyetunga zile Suti za selo za Bach (mifululizo ya vipande vya selo moja) kwa sababu nakala maarufu ni ya mkono wake. Wanazuoni wa Bach hawalikubali, kwani kunakili kazi za mumewe ilikuwa shughuli yake ya kawaida. Suti hizo, kabla ya Pablo Casals kuzirekodi kati ya 1936 na 1939, wengi walizichukulia kama mazoezi ya vidole.

“Wimbo wa Ligi ya Mabingwa ni wa Händel”

Kila mpenda soka anaujua, kuanzia vibanda vya mpira vya Kisumu hadi Temeke. Ulitengenezwa mwaka 1992 na Mwingereza Tony Britten kwa kuegemea “Zadok the Priest”, wimbo ambao Händel aliuandika kwa ajili ya kutawazwa kwa Mfalme George wa Pili mwaka 1727. Ukiusikiliza wa Händel, subiri: fidla hupanda taratibu kwa zaidi ya dakika moja kabla kwaya haijalipuka. Britten alichukua mlipuko huo na msisimko wa fidla. Nawasihi wanakwaya wautafute ule wa asili wausikilize mwanzo hadi mwisho.

Kwa Händel huyohuyo, Haleluya ambayo kwaya zetu huiimba kila Krismasi iko katika sehemu ya pili ya “Messiah”, inayohusu mateso, ufufuko na ushindi wa Kristo. Kazi nzima ilitolewa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742, majira ya Pasaka. Na ile habari kwamba tunasimama Haleluya inapoimbwa kwa sababu Mfalme George wa Pili alisimama? Hakuna shahidi wa wakati ule aliyeiandika. Inaonekana kwanza katika barua ya mwaka 1780, mfalme akiwa amekwisha kufa miaka 20.

Beethoven, mbalamwezi na sidii

Jina “Sonata ya Mbalamwezi” lilitokana na mwandishi Ludwig Rellstab, aliyeifananisha na mwanga wa mwezi ziwani. Beethoven aliiita tu sonata inayokaribia kuwa fantasia. Ukiishia sehemu ya kwanza, kama mikusanyo mingi inavyofanya, unaikosa sehemu ya tatu, ambayo ni dhoruba tupu. “Für Elise” nayo haikuchapishwa akiwa hai. Ilitolewa 1867, miaka 40 baada ya kifo chake.

Hadithi inayorudiwa zaidi ni kwamba sidii ilipewa dakika 74 ili Simfonia ya Tisa iingie nzima, hasa ile iliyoongozwa na Wilhelm Furtwängler na kurekodiwa Bayreuth, Ujerumani, 1951. Kees Schouhamer Immink, mhandisi wa Philips aliyeshiriki kuunda mfumo huo, ameeleza kwa kirefu kwamba sababu kubwa ilikuwa ushindani. Philips walitaka sahani ya sentimita 11.5, na kiwanda cha kampuni yao tanzu ya PolyGram huko Hannover kingeweza kuitengeneza mapema. Sony, ambao hawakuwa na kiwanda, walishinikiza sentimita 12 ili wote waanze pamoja. Tena kanda zilizotumika kuandaa sidii za mwanzo zilikuwa na kikomo cha dakika 72 hivi, kwa hiyo Tisa ya Furtwängler isingeingia hata kama Beethoven angekuwa ndiye sababu.

“Mozart humwongezea mtoto akili”

Utafiti wa 1993 uliozaa dai hili ulifanywa kwa wanafunzi 36 wa chuo kikuu huko California, si kwa watoto. Walisikiliza sonata ya piano mbili ya Mozart kwa dakika kumi, wakafanya vizuri kidogo katika maswali ya maumbo, na faida hiyo ikatoweka ndani ya robo saa. Mwaka 1998 gavana wa Georgia, Marekani, aliomba fedha za umma ili kila mtoto mchanga apewe rekodi. Majaribio mengi yaliyofuata hayakupata zaidi ya athari ndogo ya mtu kuchangamka, ambayo hata muziki mwingine anaoupenda humpa. Mpigie mwanao Mozart kwa sababu ni mtamu. Sababu hiyo inatosha.

“Watunzi hawa wamekufa zamani, kwa hiyo rekodi ni za bure”

Hapa wengi wanaotengeneza video hukwama. Nota za Bach ni mali ya wote. Rekodi ya okestra iliyopiga Bach mwaka jana ina haki zake, za wapigaji na za kampuni. Katika Umoja wa Ulaya, haki hizo hudumu miaka 70 tangu rekodi itolewe. Nchini Marekani, rekodi zilizotolewa kabla ya 1923 ziliingia mikononi mwa umma tarehe 1 Januari 2022. Ndiyo maana video yako ya harusi yenye Kanoni inaweza kunyamazishwa ingawa Pachelbel amekufa zaidi ya miaka 300. Adagio ya “Albinoni” ni hatari zaidi: Giazotto alifariki 1998, kwa hiyo hata nota zake bado zina ulinzi.

Anayetaka kitu kisicho na kipingamizi aitafute rekodi ya Goldberg Variations za Bach iliyopigwa na mpiga piano Kimiko Ishizaka. Ilitolewa mwaka 2012 kwa michango ya wasikilizaji, na wahusika waliachilia haki zao zote, hata kwa matumizi ya biashara.