Tepu ilikuwa ghali, sawa. Na filamu je?

Kila zinapotajwa sehemu zilizopotea za Doctor Who, tamthilia ya BBC iliyoanza 1963, jibu huja limeshaiva: "Walifuta kwa sababu tepu zilikuwa ghali." Limo magazetini, limo kwenye makala za televisheni, na wiki hii nimelisoma tena, limeandikwa kwa uhakika wa mtu anayetaja siku za juma. Nusu yake ni kweli. Nusu hiyo ndiyo inayoniudhi, maana imekaa mlangoni ikaziba nusu ya pili, na kisa chenyewe kiko huko ndani.

Tumalize kwanza ile iliyo kweli. Tepu ya video iliyoingia kazini mwaka 1956 na mashine za kampuni ya Ampex ina upana wa inchi 2 na hupita kwenye mashine kwa kasi ya inchi 15 kwa sekunde. Saa moja ya kipindi hula kama mita 1,370. Picha haiandikwi kwa urefu wa tepu kama sauti. Kuna ngoma ndogo yenye vichwa vinne, inazunguka mara 15,000 kwa dakika (Marekani 14,400), na kila kichwa kinachora mstari wake kukatisha upana wa tepu. Rili ya saa moja ilikuwa na bei ya karibu dola 300 mwanzoni. Kwa hiyo ndiyo, ilikuwa ghali. Na kwa kuwa ni sumaku, ukiipitisha kwenye sumaku-umeme yenye nguvu inarudi tupu, tayari kwa kipindi kingine.

Kilichoharibu thamani yake ni mkato. Siku hizo kuhariri kulikuwa kukata kwa wembe. Fundi alipaka dawa yenye unga laini wa chuma ili alama za sumaku zionekane, akatafuta kwa hadubini nafasi kati ya picha moja na nyingine, akakata hapo hapo na kuunga. Akikosea hata kidogo, picha inaruka. Tena sauti haiko mahali pamoja na picha: kichwa cha sauti kiko inchi 9 na kitu mbele, zaidi ya nusu sekunde, kwa hiyo ukikata kwenye picha umekata sauti ya mahali pengine. Na tepu yenye viungo haiaminiki tena, kwa sababu vichwa vinavyozunguka kwa kasi ile vinagonga kila kiungo. Ndiyo sababu tamthilia za wakati ule zilirekodiwa karibu mfululizo, na ndiyo sababu unamsikia mwigizaji akikosea neno, akajirekebisha, akaendelea. Kusimamisha na kurudia kulimaanisha mkato, na mkato ulimaanisha tepu iliyopungua thamani.

Hadi hapo sina ugomvi na mtu.

Sasa niambie, filamu inafutwaje?

BBC ilipouza kipindi nje haikutuma tepu. Vituo vingi havikuwa na mashine ya inchi 2, na mifumo ilitofautiana: picha ya Uingereza ilikuwa bado na mistari 405, kwingine 625 au 525. Filamu ya milimita 16 haikujali hayo yote. Projekta ilikuwepo kila kituo. Kwa hiyo kipindi kilihamishwa kutoka tepu kwenda filamu, negativu ikabaki kwa kitengo cha mauzo, BBC Enterprises, na nakala zikachapwa kutoka humo. Sehemu ya dakika 25 inakaa kwenye kama mita 285 za filamu, kopo moja la bapa unalobeba kwapani.

Filamu ikishapita kwenye dawa imekwisha. Huwezi kurekodi mpira wa Jumamosi juu yake. Kuiteketeza hakumrudishii mtu hata robo mita ya tepu. Na bado kati ya 1972 na 1978 makopo hayo yalitupwa kwa wingi, negativu na nakala. Mwenye jibu la "tepu ghali" akifika hapa hana pa kushika. Kama tepu zingefutwa zote na filamu zikaachwa rafuni, leo karibu tusingekuwa na sehemu zilizopotea za kutafuta. Naomba sentensi hiyo isomwe mara mbili, kwa sababu ndiyo ninayoirudia miaka yote. Tepu za sehemu 253 za mwanzo, za 1963 hadi 1969, zilifutwa kweli, kuanzia zile za hadithi ya The Highlanders tarehe 9 Machi 1967, miezi miwili tu baada ya sehemu ya mwisho kurushwa. Lakini nyingi kati ya sehemu hizo tunazo leo, na tunazo kwa sababu ya filamu. Karibu zote zilizopotea zilipotea siku filamu ilipotupwa.

Filamu ilitupwa kwa sababu ya karatasi. Mikataba na chama cha waigizaji, Equity, iliruhusu marudio machache ndani ya muda maalumu, kwa kawaida miaka miwili, na baada ya hapo ni kukaa upya mezani na kulipa upya. Mauzo ya nje nayo yalikuwa na ukomo wa miaka. Muda ukiisha, kopo lililoko rafuni ni bidhaa usiyoruhusiwa kuuza, na linakula nafasi ya kopo unaloruhusiwa. BBC1 ikaanza rangi Novemba 1969, na vituo vya nje vikaacha kuuliza vya nyeusi na nyeupe. Soko la kaseti za video za nyumbani halikuwepo bado. Kwa karani wa kitengo cha mauzo, kutupa ilikuwa kazi ya kawaida kama kusafisha stoo.

Halafu kuna suala la nani alidhani nani anatunza. Wahandisi walishika tepu. Walifuta baada ya idara ya tamthilia kukubali. Enterprises walishika filamu za kuuza, na kuhifadhi kwa ajili ya vizazi haikuwa kazi yao. Maktaba ya Filamu ilitunza vilivyotengenezwa kwa filamu. Kipindi cha studio kilichonakiliwa tu kwenye filamu hakikuwa chake. Wahandisi wakifuta, filamu ipo kwa wauzaji. Wauzaji wakitupa, bila shaka kuna nakala ya shirika kwingine. Kila mmoja alifuata utaratibu wake bila kosa, na mtu aliyepewa jukumu la kuhakikisha nakala moja inabaki hakuwepo hadi 1978, maktaba ya filamu na tepu ilipowekwa pamoja na mtu wa kuchagua cha kutunza akapatikana.

Anayeng'ang'ania bei aeleze na hili: tamthilia ya Coronation Street ilianza tarehe 9 Desemba 1960, nchi ile ile, tepu za bei ile ile, na sehemu zake zote zipo. Tamthilia ya Dark Shadows ya Marekani ina sehemu 1,225, iliyokosekana ni moja tu, na hiyo imejengwa upya kwa sauti. Hapo hapo Marekani, miaka 10 ya kwanza ya mtangazaji Johnny Carson kwenye kipindi cha The Tonight Show sehemu kubwa imefutwa. Bei ya tepu haikuwatofautisha. Kilichowatofautisha ni mwenye mali na alivyofikiri kuhusu kesho yake.

Wapo pia wanaosema makopo yaliungua kwa moto. Kwa haraka: hakukuwa na moto. Na vipindi vya miaka ya 1950 visichanganywe humu, vingi havikufutwa kwa sababu havikurekodiwa. Tamthilia ya BBC, The Quatermass Experiment ya 1953, ilirushwa moja kwa moja, sehemu 6. Mbili za kwanza zilinaswa kwenye filamu, nne hazikunaswa kabisa. Katika ya pili kuna mdudu aliyetua kwenye kioo wakati wa kunakili, na yumo mpaka leo, anatembea juu ya nyuso za waigizaji.

Mdudu huyo, aliyenaswa na kamera ya filamu mbele ya kioo, anatupeleka kwenye kosa la pili, la "wamepata kanda asilia Nigeria." Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba sehemu 11 za Doctor Who zimepatikana kwenye kituo cha televisheni cha Jos, na 9 kati yake zilikuwa hazipo popote, baada ya hapo zikabaki 97. Habari njema isiyo na mfano. Lakini kilichopatikana Jos ni nakala za filamu. Zilifika huko kwa sababu vituo vilikuwa vikipokezana: kituo cha kwanza kikishaonyesha kinatuma kopo kwa cha pili, cha pili kwa cha tatu, na cha mwisho kinatakiwa kurudisha London au kuteketeza na kutuma cheti. Mahali mnyororo ulipokatika, kopo lilibaki. Hong Kong 1992, New Zealand 1999, Cyprus na Nigeria katikati ya miaka ya 1980, zote ni filamu.

Tofauti hii si ya majina. Televisheni ya Uingereza ilichora nusu-picha 50 kwa sekunde, mistari ya shufwa na ya witiri kwa zamu. Filamu inabeba picha 25. Kunakili ni kusimika kamera ya filamu mbele ya kioo maalumu cha televisheni, na kamera inahitaji muda wa kuvuta filamu kwenda picha inayofuata, wakati kioo hakisubiri. Njia rahisi ilikuwa kufunga shata, kifuniko cha kamera kinachozuia mwanga, wakati wa nusu-picha ya pili na kuitupa: kati ya mistari 377 inayobeba picha katika mfumo wa 405, unabaki na 188. Njia bora ilitumia kioo kinachobaki kinawaka: nusu-picha ya kwanza inachorwa shata ikiwa imefungwa, mng'ao unadumu, ya pili inachorwa shata ikiwa wazi na zote mbili zinanaswa pamoja. Mistari inapona, ila mwendo unapotea, kwa sababu nyakati mbili zimebanwa kwenye picha moja. Ndiyo maana vipindi vya kale vinaonekana "kama sinema". Watazamaji wa 1967 hawakuona hivyo. Waliona mwendo laini kama taarifa ya habari.

Ukitaka kujua ulichoshika, nyoosha kipande kwenye mwanga na uweke lenzi. Filamu iliyopigwa kwa kamera mahali penyewe ina chembechembe tu. Iliyonakiliwa kutoka kwenye kioo ina mistari myembamba ya kulala, na pembe za picha mara nyingi zimeviringika. Ukiona vinukta vidogo vilivyojipanga kama kitambaa kilichofumwa, tulia kabisa: hiyo ni rangi. Kipindi cha rangi kikinakiliwa kwenye filamu nyeusi na nyeupe, mawimbi ya rangi huacha alama za nukta, na kichujio kilikuwepo cha kuziondoa. Kisipowashwa, nukta zilibaki. Programu ikasomeshwa kuzigeuza kuwa rangi, na mwaka 2008 sehemu ya komedi ya BBC Dad's Army, Room at the Bottom, ikarudi na rangi zake.

Hapa nina shaka ambayo sijaimaliza. Kurudisha rangi kutoka kwenye nukta ni kusoma kilichoandikwa, sina neno. Kurudisha mwendo wa nusu-picha 50 ni jambo jingine: kompyuta inakisia nusu iliyokosekana kutoka kwa jirani zake. Naipenda kazi hiyo, na inakaribia zaidi alichoona mtazamaji. Lakini kila mara mkono unapopita upesi mbele ya kamera, yale ninayoyaona hayakuwahi kunaswa na kifaa chochote. Nadhani nakala ya kuonyesha na nakala ya kutunza zisiwe faili moja, basi. Zaidi ya hapo nabadilika kila mwaka.

Sauti zote za sehemu zilizopotea zipo, kwa sababu watoto na vijana walitega rekoda mbele ya spika ya televisheni sebuleni.

Kwa hiyo, wewe mwenye ufunguo wa stoo ya kituo chochote kilichonunua vipindi miaka ya 1960: ukikuta kopo, usiliweke kwenye projekta. Filamu ya asetati, aina ya plastiki, inasinyaa, na ikifika asilimia 1 meno ya projekta hayaoani tena na matundu. Inachanika mita kwa mita. Fungua penye hewa. Harufu ya siki ni dalili kwamba asetati imeanza kuoza, na uozo huo huambukiza makopo ya jirani, kwa hiyo litenge. Liweke pakavu penye baridi. Soma mkanda wa mwanzo kwa macho, ukiuviringisha kwa mkono wenye glavu: jina la mfululizo na namba ya sehemu huwa hapo, kwa wino au kwa kukwaruzwa. Usiamini kopo, filamu na kopo huachana njiani mara nyingi. Lakini kopo nalo usilitupe, hata kama limeshika kutu, maana bandiko lililo juu yake linaweza kuwa na jina la kituo kilicholituma, na kituo hicho nacho kina stoo.