“Ni Saida Tu, Sista”: Maswali na Majibu Kuhusu Bia na Saida za Ulaya

Ninafanya kazi ya uuguzi Uingereza, na hakuna neno linalonichosha kama “tu”. Kila mara anakuja Mswahili mwenzangu, kikombe cha chai kakishika kwa mikono miwili kisimwagike, ananiambia: “Sista, pombe niliacha zamani. Siku hizi ni saida tu.” Saida ni “cider”, kinywaji cha tufaa zilizochachushwa.

Lager ni nini hasa?

Ni bia inayochachushwa kwenye baridi, kisha ikaachwa itulie kwa wiki kadhaa. Jina limetoka kwenye neno la Kijerumani la kuhifadhi, maana wapishi wa Bavaria, kusini mwa Ujerumani, waliiweka kwenye mahandaki yenye baridi. Mwaka 1842 Mbavaria Josef Groll alipika mjini Plzeň, katika Ucheki ya leo, lager ya rangi ya dhahabu, na nyingi tunazozijua leo zimefuata nyayo zake.

Ikiwa na rangi nyepesi, si ndiyo haina nguvu?

Rangi haisemi kitu. Lager ya kawaida ina asilimia 4 hadi 5 ya kileo, lakini zipo za dhahabu hiyohiyo zenye 7.5, nyingine hata 9. Soma asilimia kwenye kopo.

Na saida? Si juisi ya tufaa?

Si juisi. Ilikuwa juisi kabla chachu haijaila sukari na kuigeuza kileo. Ile tamu ya Normandy kule Ufaransa haifiki asilimia 3. Ya Asturias kule Hispania hucheza kwenye 6. Ile nyeupe ya bei poa hapa Uingereza ni 7.5. Zamani vibarua wa mashambani Somerset, hapa Uingereza, walilipwa sehemu ya ujira kwa saida, hadi sheria ya 1887 ikakataza. Huko Devon, jirani na Somerset, saida iliwasokota watu matumbo, mpaka mwaka 1767 daktari George Baker akaeleza kwamba ni sumu ya madini ya risasi kutoka kwenye mashine za kukamulia. Risasi ilitolewa. Kileo kipo palepale.

Lakini haiwezi kulingana na wiski!

Chukua kalamu. Mililita mara asilimia, gawa kwa 1,000: hizo ndizo uniti, kipimo cha kileo kinachotumika hapa Uingereza. Toti ya wiski ya mililita 25 ni uniti 1. Kopo la nusu lita la bia ya asilimia 5 ni uniti 2.5. Chupa ya lita 2 ya saida nyeupe ni uniti 15, yaani toti 15 za wiski, wakati ushauri wa hapa ni kutozidisha uniti 14 kwa wiki nzima. Kuna watu wanaimaliza chupa hiyo kabla taarifa ya habari haijaanza, halafu wananiambia hawanywi pombe. Bia ni pombe. Saida ni pombe.

Asubuhi mikono inatetemeka, nikizimua na kopo moja natulia. Si ndiyo dawa?

Hapana. Huo mtetemeko ni mwili uliozoea kileo unaokidai, na kopo linausogeza mbele kwa saa chache tu. Ini na ubongo haviulizi kama kilitoka kwenye chupa ya wiski au ya saida.

Basi naacha leo leo, nitajifungia ndani.

Usijifungie! Hili nalirudia kila siku: anayetetemeka asubuhi asiache ghafla peke yake. Ndani ya siku mbili tatu unaweza kuanguka kama mwenye kifafa, au ukaanza kuweweseka na kuona wadudu ukutani, na watu hufa hivyo. Wanaletwa wamechelewa kwa sababu nyumbani walisema “alikuwa anakunywa bia tu, haiwezi kuwa hiyo”. Inawezekana, na mara nyingi ndiyo hiyo. Njoo tukupunguzie kwa mpango, kwa dawa na vitamini B1.

Akianguka au akianza kuweweseka nyumbani?

Piga 999, namba ya dharura ya hapa Uingereza, papo hapo. Mlaze kwa ubavu, usimpe kitu mdomoni, na ukiulizwa alikuwa anakunywa nini, taja chupa ngapi na asilimia ngapi.