Je, wajua kwa nini Ukraine ilinunua kituo kizima cha Antaktika kwa pauni moja?

Nianze na aibu yangu. Kuna riwaya ya Andrey Kurkov, mwandishi wa Kyiv anayeandika kwa Kirusi, kwa Kiingereza inaitwa Penguin Lost, kwa Kirusi ilitoka 2002 ikiitwa Sheria ya Konokono, na inaanzia Antaktika kwenye kituo cha utafiti cha Ukraine. Nikasoma, nikacheka sana, nikamwambia rafiki yangu huyu jamaa ana utani wa ajabu, yaani kachukua nchi ambayo kwenye kitabu chake kilichotangulia zoo yake haina hela ya kulisha wanyama, halafu kaipa kituo cha sayansi kule mwisho wa dunia. Rafiki akauliza, una uhakika ni utani? Nikajibu asilimia mia. Kumbe.

Kwa ambaye hajaisoma: Penguin Lost ni mwendelezo. Kwenye riwaya ya kwanza, ya 1996, kuna Viktor, mwandishi aliyefulia, anaishi Kyiv na pengwini anayeitwa Misha aliyemchukua zoo walipokuwa wanagawa wanyama kwa yeyote atakayeweza kuwalisha. Viktor anapata kazi gazetini, kuandika tanzia za watu maarufu ambao bado wazima, ziwekwe tu akiba, halafu hao watu wanaanza kufa. Pengwini naye anapata kazi, anakodishwa kwenye mazishi ya wahuni wenye hela, manake na ile suti aliyozaliwa nayo anapendeza sana makaburini. Mambo yakiharibika Viktor anapanda yeye safari iliyoandaliwa kwa ajili ya kumrudisha Misha Antaktika, na kwenye mwendelezo ndio anarudi kumtafuta Misha, anapitia kampeni ya uchaguzi ya bosi mmoja pale Kyiv, anapitia Moscow, mpaka Chechnya ya vita. Ni kitabu cha kuchekesha, amini usiamini.

Sasa turudi kwenye kituo. Kipo. Kinaitwa Vernadsky, kiko kisiwa cha Galindez, upande wa magharibi wa ile rasi ya Antaktika iliyochomoza kuelekea Amerika Kusini. Hakuna uwanja wa ndege, unafika kwa meli, na njia ya kawaida ni kuvuka mlangobahari wa Drake ambao mawimbi yake yanaogopwa hata na mabaharia wazoefu.

Nilipojua kipo nikakosea mara ya pili. Nikasema aa, basi ni urithi, Usovieti ulikuwa na vituo kibao Antaktika, ulipovunjika 1991 kila mtu akapewa chake. Hapana. Urusi ilisema vituo vyote ni vyake. Ukraine ikaomba hata kimoja, ikanyimwa, na hii ilikuwa inauma kwa sababu kwenye misafara ya Kisovieti walikuwepo Waukraine wengi tu. Ni kama msiba wa baba, kaka mkubwa kaamka asubuhi kabeba funguo za nyumba zote, na wewe uliyekuwa unamwagilia maua unaambiwa pole.

Nikakosea mara ya tatu, na hili kosa la tatu ndilo nalisikia mpaka leo kwa watu wenye akili zao. Nikaambiwa kituo kilikuwa cha Waingereza, kikiitwa Faraday, na waliwapa Waukraine tarehe 6 Februari 1996 kwa pauni moja. Nikasema sawa, huo ni msaada, Waingereza wamewaonea huruma. Wengine wanageuza kabisa, wanasema Waukraine walipigwa, waliuziwa makopo. Zote mbili si kweli, na ukishaelewa hesabu yenyewe ile pauni moja haikushangazi tena.

Fikiria una kibanda cha chipsi kwenye kiwanja cha watu. Umekijenga vizuri, zege, mabati, tangi la maji, tangi la mafuta ya jenereta. Umeshapata sehemu nyingine kubwa zaidi, hiki hukihitaji tena. Utakiuza? Kwa kawaida ndiyo. Lakini mwenye kiwanja ana sharti: ukiondoka ondoka na kila kitu, mpaka msumari wa mwisho, mpaka udongo uliomwagikiwa na mafuta. Na kiwanja chenyewe hakifikiki kwa gari, kila bati lazima lipande meli, na kazi inafanyika miezi michache tu ya kiangazi. Hapo hesabu inageuka. Kibanda sio mali tena, ni deni lenye paa. Akitokea kijana anasema mimi nakitaka, nitakilinda, nitapika humohumo, unachomtajia sio bei, unamwangalia usoni kama hatanii.

Hicho ndicho kilichotokea. Mwaka 1991 nchi za Mkataba wa Antaktika zilisaini itifaki ya mazingira pale Madrid, na moja ya kanuni zake ni kwamba aliyeacha uchafu au eneo la kazi lililotelekezwa anatakiwa kusafisha mwenyewe. Itifaki ilianza kufanya kazi rasmi 1998, lakini mwaka 1995 wakati wanazungumza na Ukraine kila mtu alishaona inakoelekea. Waingereza tayari walikuwa na kituo kikubwa zaidi cha Rothera, kina mpaka uwanja wa ndege. Kubomoa Faraday na kuisafirisha kungekula hela nyingi, na kuiendesha tu bila haja nako kungekula hela. Kwa hiyo usiulize kwa nini waliuza bei rahisi hivyo, jiulize kwa nini hawakulipa mtu achukue.

Ila tuwe wa haki, lilikuwepo jambo jingine lenye uzito, kumbukumbu za hali ya hewa. Pale wamekuwa wakipima joto, upepo na ozoni kwa miongo mingi, na mwaka 1985 Waingereza walipotangaza kwamba tabaka la ozoni juu ya Antaktika linapungua vibaya, walitumia vipimo vya kituo cha Halley pamoja na vya hapo. Mfululizo wa vipimo ukikatika ndo umekatika, huwezi kurudi kupima jana. Waukraine walitakiwa kuendelea kupima na kugawana data, na kwangu hiyo ndiyo ilikuwa bei yenyewe.

Sasa kwa nini pauni moja na sio bure? Hapa mfano mzuri ni mahari. Kwa Waislamu mahari inaweza kuwa ndogo kabisa, hata pete ya chuma, lakini lazima kiwepo kitu. Sheria ya mikataba ya Kiingereza inafikiri hivyohivyo, ahadi ya upande mmoja bila chochote kutoka upande wa pili kwa kawaida haikubani, lakini ukitoa hata kitu kidogo mkataba unasimama na mahakama haiulizi kama bei ilikuwa ya haki. Sisemi wanasheria walikaa wakajadili sarafu hiyo usiku kucha, ila pauni moja ni desturi ya zamani kwenye mauzo ya namna hii, hata makampuni yenye madeni huuzwa hivyo.

Na angalia hiyo pauni ukiwa Kyiv. Mwaka 1993 mfumuko wa bei Ukraine ulipita asilimia 10,000 kwa mwaka, na 1995 wakatoa noti ya karbovanets 1,000,000 (karbovanets ndiyo pesa yao ya wakati huo), noti moja. Yaani Februari 1996 bei ya kituo kizima, majengo, majenereta na baa, haikufika hata nusu ya noti hiyo. Septemba mwaka huohuo wakaleta pesa mpya, hryvnia, sifuri tano zikafutwa. Nimesema baa, ndiyo, mafundi seremala wa Kiingereza walijenga baa ya mbao humo ndani na bado ipo, watalii wa meli wanashukaga kunywa.

Walichonunua ni majengo tu lakini, sio ardhi. Eneo lile Uingereza, Argentina na Chile kila mmoja anadai ni lake, na Mkataba wa Antaktika wa 1959 umeyagandisha madai yote. Faida ya Ukraine ilikuwa nyingine: ili uwe na kura kwenye maamuzi ya Antaktika lazima uonyeshe unafanya utafiti wa maana huko, na kituo ni njia mojawapo. Kura hiyo waliipata 2004.

Jina wakabadilisha, Vernadsky, yule mwanasayansi aliyekuwa rais wa kwanza wa Akademia ya Sayansi ya Ukraine 1918 na aliyeandika sana kuhusu biosfia, yaani sehemu yote ya dunia yenye uhai, na kile alichokiita noosfera, yaani dunia inayobadilishwa na akili ya binadamu. Kila mwaka wanabaki pale watu kama 12 majira yote ya baridi, wakipima vilevile vitu ambavyo Waingereza walikuwa wanapima.

Halafu 2021 Ukraine ikarudi tena kwa Waingereza walewale kununua, safari hii meli ya utafiti, James Clark Ross, na sio kwa pauni, kwa dola milioni 5 hivi. Wakaiita Noosfera. Ikaondoka Odesa, bandari ya Ukraine, mwishoni mwa Januari 2022 kupeleka watu na mizigo Vernadsky, na tarehe 24 Februari, meli ikiwa mbali na nyumbani, Urusi ikaanza uvamizi. Bandari ya nyumbani haikurudika tena. Viktor alikimbilia Antaktika kwenye kiti cha pengwini, meli imepata pa kuegesha Cape Town.