Jina la Ukoo Haliniambii Mgonjwa Anataka Kujua Nini

Juzi, tena. Nimeitwa wodini kumwona mgonjwa ambaye saratani imeshafika kwenye ini, na kabla sijafungua faili daktari kijana wa zamu ananivuta pembeni: "Hawa, kwa utamaduni wao, mgonjwa haambiwi. Zungumza na mwanawe." Nikamuuliza mgonjwa mwenyewe amesemaje. Hajaulizwa. Sasa umejuaje? Jina la ukoo, daktari.

Basi leo naandika, maana nimechoka kulirudia hili kwenye korido.

Sibishi kwamba tamaduni zinatofautiana. Kazi yangu ni tiba shufaa, yaani kuwapunguzia maumivu na mateso wagonjwa wenye maradhi makubwa, nayaona hayo kila siku. Ninachokataa ni kuufanya utamaduni kuwa jibu la swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Na kuna upande wa pili unaoniudhi vilevile: wanaodhani kumwambia mgonjwa kila kitu ni desturi ya kale ya nchi za Magharibi. Mwaka 1961 madaktari wa Chicago walipoulizwa, asilimia 90 walipendelea kutomwambia mgonjwa kwamba ana saratani. Dodoso kama hilo liliporudiwa Marekani mwaka 1979, asilimia 97 walipendelea kumwambia. Miaka 18 tu! Matibabu yalikuwa yameongezeka na suala la ridhaa ya mgonjwa limepata nguvu, ndipo mazoea mapya yakaanza kuitwa maadili ya tangu na tangu.

Sasa takwimu ambayo kila mtu huinukuu kichwa chini. Mwaka 1995 ulichapishwa utafiti wa wazee 800 wa Los Angeles, wenye miaka 65 na zaidi. Waliulizwa kama mgonjwa aambiwe kwamba saratani yake imesambaa. Wenye asili ya Ulaya, asilimia 87 walisema aambiwe. Wenye asili ya Korea, asilimia 47. Watu husoma hapo wakahitimisha: Wakorea hawaambiwi. Jamani, 47 ni karibu nusu! Ukijiamulia kwa sura ya mtu kwamba hataki kujua, ni sawa na kurusha sarafu. Na wale wa 87 je? Katika kila 100, kuna 13 ambao hawakusema aambiwe, na hao ndio tunaowamwagia habari asubuhi na mapema kwa sababu eti kwao ni watu wa kupenda ukweli.

Kwa hiyo uliza. Na uulize mapema, kabla majibu ya vipimo hayajatoka, maana yakishatoka uso wako umeshasema. Mimi husema hivi: "Wako wagonjwa wanaopenda kuelezwa kila kitu, na wako wanaopenda mtu wao ayabebe hayo. Wewe ungependa tufanyeje?" Akisema mwambieni mwanangu, hapo amechagua. Kutotaka kujua nako ni haki yake. Ila muulize ni mwana yupi (usicheke, nimeshuhudia ndugu watatu wakigombea kiti hicho), kisha rudi baada ya siku chache umuulize tena, kwa kuwa mtu anayeumwa hubadilika.

Mtoto anayekushika mkono mlangoni akisema "usimwambie mama" si adui. Usimhubirie haki za wagonjwa. Muulize anaogopa nini kitatokea, halafu muulize anadhani mama mwenyewe anajua nini. Swali hili la pili huleta kimya kirefu, kwa sababu mama anauona mwili wake ukipungua kila akioga. Kisha mimi hutoa ahadi moja tu: sitamwendea na habari asizoziuliza, lakini akiniuliza sitamdanganya. Wengi hukubali.

Kuna watu ambao kwao neno lina nguvu ya kuleta jambo. Katika fikra za jadi za Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani, kwa mfano, kutaja baya ni kama kuliita. Hapo mimi husema habari za mtu mwingine: "Mtu mwenye ugonjwa wa namna hii huweza kuishiwa nguvu." Mgonjwa akitaka, analichukua. Asipotaka, limempita.

Ukalimani nisiurefushe: usimtumie mtoto wa mgonjwa. Nimewahi kusema sentensi nne kuhusu ugonjwa usiopona, binti akatafsiri kwa maneno mawili, na baba akatabasamu akanishukuru.

Yasiyo na jibu yapo pia. Mama aliyemtupia mwanawe jicho kabla ya kuniambia "ongea na yeye", je, alichagua au aliogopa? Nimewahi kuwatoa ndugu nje nimuulize mtu peke yake, na hapo nimemlazimisha aamue kwa upweke, wakati kwake kuamua ni jambo la watu wote waliokizunguka kitanda. Nimewahi pia kuwaacha wakae, nikaondoka sijui nimesikia sauti ya nani. Bado sina kanuni.

Na hata ile ahadi yangu haiko salama kama inavyosikika. Mzee mmoja, ambaye wanawe walishaniomba nisimwambie, alinionyesha karatasi ya vipimo vya macho. Miwani yake ilikuwa imepasuka kioo. Akaniuliza, "Daktari, niagize mipya, au hii itanitosha?" Nilikuwa na haraka, wagonjwa wengine wananisubiri. Nikamjibu, "Agiza tu, baba." Nilifika nusu ya ngazi ndipo nikatambua nimeulizwa nini. Niliporudi, karatasi alikuwa ameshaikunja na kuiweka chini ya mto. Nikamuuliza kama kuna jambo angependa kujua. Akasema hapana, asante, umeshanijibu.